Jino limeoza mpaka kwenye mzizi? Soma hii kabla hujaenda kung'oa

Gego la kwanza la chini, lile la sita ukianza kuhesabu kutoka katikati ya mdomo, ni moja ya meno yanayoteseka sana. Linaota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, linatokea nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, kwahiyo wazazi wengi wanadhani ni la utoto nalo litatoka tu, halipigwi mswaki vizuri, mtu anafika miaka 20 na kitu lina tundu la kuingiza njiti. Ndo jino nitakalolitumia kama mfano humu mpaka mwisho. Meno mengine mambo ni hayohayo, tofauti ni idadi ya mizizi.

Mimi kazi yangu ni kumsaidia daktari wa meno, ni yule anayesimama pembeni na bomba la kunyonya mate, kwahiyo haya nayaona sana ila uamuzi wa jino lako ni wa daktari aliyelitazama sio wangu. Msimamo wangu nausema mapema: jino lenye maambukizi kwenye mzizi mara nyingi linaokoleka kwa matibabu ya mzizi, yaani kulisafisha ndani mpaka kwenye mizizi na kuliziba bila kuling'oa, lakini linaokoleka kwa mtu aliyeanza AKAMALIZA. Aliyeanza akaishia njiani kwa sababu maumivu yameisha, huyo anarudi baada ya miezi na jino limepasuka halifai tena, na hela ya mwanzo imeshakwenda.

Ndani ya jino kuna nini

Jino sio mfupa mtupu. Katikati kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na kutoka kwenye kile chumba kuna vijia vyembamba vinashuka ndani ya mizizi mpaka nchani. Meno ya mbele mengi yana kijia 1. Gego letu la chini lina mizizi 2 ila vijia kwa kawaida ni 3, wakati mwingine 4, na gego la kwanza la juu lina mizizi 3 na mara nyingi vijia 4, cha 4 kina tabia ya kujificha na kinasumbua madaktari kweli.

Tundu likichimbika likafika kwenye ile nyama, bakteria wanaingia. Nyama inavimba, ila imefungiwa kwenye kuta ngumu haina pa kutanukia, ndo maana maumivu yake mtu anaweza kulia kama mtoto. Baadae nyama inakufa, bakteria wanabaki humo wanajilia, sumu zao zinatokea nchani mwa mzizi na mfupa wa taya unaanza kuliwa. Hapo ndo usaha na jipu.

Mwaka 1965 watafiti 3 wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, yaani ile nyama laini ya ndani. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa na majipu wakapata. Panya waliolelewa kwenye mazingira yasiyo na bakteria hata mmoja, meno yao yaliyotobolewa yalijijengea ukuta mpya yakapona, pamoja na kwamba chakula kilikuwa kinajaa humo ndani. Kwahiyo adui ni bakteria, tundu lenyewe ni mlango tu. Ukishashika hilo, kila kitu anachofanya daktari kwenye kiti kitakuingia akilini: anawatoa bakteria, alafu anafunga milango wasirudi.

Hatua ya 1: sikiliza maumivu yanasema nini

Ukinywa maji ya baridi jino likakushtua alafu likaacha hapohapo, kiini bado kina uhai na pengine kuziba kwa kawaida kunatosha. Wahi, hiyo ndo bei rahisi kuliko zote.

Ukinywa baridi au chai ya moto maumivu yakabaki yanadunda nusu dakika au zaidi, au yanaanza yenyewe tu bila kuguswa, yanakuamsha usiku, ukilala yanazidi, hujui hata ni jino la juu au la chini linalouma, yanapanda mpaka sikioni, hapo kiini kimevimba kiasi ambacho hakirudi nyuma. Kuna wale wanaotembea na chupa ya maji ya baridi wanasukutua kila dakika kwa sababu ndo kitu pekee kinachowapa nafuu, hao ukiwaona mlangoni unajua tayari.

Alafu kuna siku maumivu yanakata ghafla. Watu wanashukuru Mungu, wanasema limepona. Halijapona jamani, kiini kimekufa, na kilichokufa hakiumi. Wiki au miezi kadhaa mbele jino linaanza kuuma ukilitafunia, linaonekana kama limerefuka, au kinatokea kijipu kwenye fizi kinapasuka kinatoa usaha wenye ladha ya chumvi chumvi alafu kinajifunga, kinarudi tena. Hicho kijipu ni bomba la kupitishia usaha, na kwa sababu usaha unapata njia mtu haumwi, anaweza kukaa nacho miaka huku mfupa unaisha taratibu.

Sasa ukiona uvimbe unashuka chini ya taya kuelekea shingoni, au jicho linaanza kufumba, una homa, mdomo haufunguki, unashindwa kumeza mate au kupumua kunakuwa kwa shida, achana na mwongozo, achana na kliniki ya mtaani, nenda hospitali kubwa SASA HIVI hata kama ni saa 8 usiku. Maambukizi ya jino yanaua, na yanaua kwa kuziba njia ya hewa.

Hatua ya 2: tuliza, ila usijidanganye kwamba unatibu

Kwa mtu mzima asiye na matatizo mengine, ibuprofeni miligramu 400 ikinywewa pamoja na paracetamol miligramu 1000 inatuliza maumivu ya jino vizuri kuliko dawa nyingi kali ambazo watu wanazikimbilia. Paracetamol isizidi gramu 4 ndani ya saa 24, na angalia usije ukawa unakunywa Panadol na dawa nyingine ya mafua ambayo nayo ina paracetamol ndani. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, mjamzito, mwenye pumu au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, ibuprofeni na diklofenaki asiziguse bila kuuliza.

Antibayotiki hapa ndo penye ugomvi. Mtu anaingia duka la dawa anasema jino, anapewa amoksilini na flajili, anakunywa siku 3 anaacha. Dawa inasafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki, sasa hiyo dawa itamfikiaje bakteria aliyeko kule? Inapunguza uvimbe wa nje kidogo, unapata nafuu, chanzo kiko palepale, na mwezi ujao unarudi dukani na bakteria wameshaizoea dawa. Zina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa, una homa, uvimbe unatembea, na hapo daktari atakuandikia pamoja na kushughulikia jino lenyewe. Kunywa vidonge peke yake ni kuahirisha.

Karafuu inasaidia, hiyo sio imani ya bibi tu. Mafuta yake yana kitu kinaitwa yujino ambacho kinatia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wanakitumia mpaka leo kwenye baadhi ya dawa za kuzibia kwa muda, ile harufu ya kliniki ya meno unayoikumbuka toka utotoni asili yake ni hiyo karafuu. Tone 1 kwenye pamba, weka kwenye tundu, usilimwage kwenye fizi maana linaunguza. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi pia ni sawa. Ila kusaga aspirini na kuiweka kwenye fizi, maji ya betri, mafuta ya taa, na mambo ya hivyo, unatoka na kidonda juu ya jino bovu.

Hatua ya 3: chagua pa kwenda na uulize maswali

Vituo vingi vya chini kazi kubwa ya meno ni kung'oa, kwa sababu vifaa vya kutibu mzizi havipo na foleni ni ndefu. Kwahiyo ukiambiwa "hili ni la kung'oa" usimkasirikie mtu, ila uliza hivi: ni la kung'oa kwa sababu haliokoleki, au kwa sababu hapa hamfanyi matibabu ya mzizi? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama ni la pili omba rufaa.

Vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama Muhimbili pale Dar au Chuo Kikuu cha Nairobi, vina kliniki ambazo wanafunzi wanatibu chini ya macho ya walimu wao. Utakaa kwenye kiti muda mrefu zaidi ila kila hatua inakaguliwa.

Kabla hujalala kwenye kiti uliza: bei unayonitajia ni ya mzizi tu au na kofia juu yake, yaani kile kifuniko kigumu cha kuvalisha jino? Picha za eksirei zimo? Nitakuja mara ngapi? Mnatumia ule mpira wa kutenga jino? Bima yangu inalipia nini na nini hailipii? Gego ni ghali kuliko jino la mbele kwa sababu ya wingi wa vijia, na kung'oa siku zote ni rahisi kuliko kutibu, hilo halina ubishi. Lakini weka na upande wa pili kwenye hesabu, pengo likibaki meno ya jirani yanainama kulielekea, la juu linashuka kutafuta mwenzake, na kuweka jino bandia la maana huwa ni pesa nyingi kuliko ulizokimbia.

Siku ya miadi kula kwanza, kunywa dawa zako za presha au sukari kama kawaida, na mwambie daktari kila kitu: mzio, ujauzito, moyo, dawa unazotumia. Mjamzito anatibiwa vizuri tu, miezi ya katikati ndo inafaa zaidi, na maambukizi yaliyoachwa ni hatari kwake kuliko ganzi. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu mara nyingi kutibu mzizi ni salama kwake kuliko kung'oa, hakuna kidonda cha kuvuja.

Hatua ya 4: vipimo na picha

Daktari atagonga meno kwa mpini wa kioo chake, atagusisha pamba yenye baridi kali kwenye jino linalosumbua na kwa majirani zake pia ili alinganishe, atabonyeza fizi. Kiini kilichokufa hakijibu baridi. Alafu picha. Kwenye eksirei mfupa unaoliwa unaonekana kama kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, ila maambukizi yakiwa machanga kivuli kinaweza kisionekane kabisa, kwahiyo picha kuwa safi haimaanishi unajifanya unaumwa.

Hapa pia ndo anaangalia kama jino lina maisha. Mzizi ukiwa umepasuka kwa urefu, au jino limeliwa mpaka chini ya fizi hakuna ukuta wa kushikia kofia, au mfupa wote umeisha kwa ugonjwa wa fizi jino linacheza kama ufunguo kwenye kitasa kibovu, hapo kung'oa ndo jibu na daktari anayekuambia hivyo anakutendea haki. Gego la mwisho nalo mara nyingi halistahili gharama yote hiyo. Meno ya utoto yana matibabu yake tofauti.

Hatua ya 5: ganzi

Watu wanaogopa matibabu haya kwa sababu ya hadithi za zamani. Kwa gego la chini sindano inachomwa nyuma kabisa ya taya ili kuulaza mshipa mkubwa unaolisha upande ule wote, unasubiri dakika kadhaa, nusu ya mdomo wa chini unakuwa mzito. Mdomo ukiwa bado mwepesi SEMA, usijikaze.

Ukweli ni kwamba jino lililovimba ndani lina ubishi na ganzi. Mdomo unaweza kufa kabisa alafu jino likabaki hai. Sio kosa lako na mara nyingi sio kosa la daktari, na dawa yake ipo: anaongeza sindano pembeni ya jino, au kwenye upenyo kati ya jino na mfupa, au ikibidi ndani ya kiini chenyewe, hiyo ya mwisho inauma sekunde chache alafu kimya. Kubalianeni mapema kwamba ukinyoosha mkono wa kushoto anasimama. Nimeona wanaume wazima wanajikaza mpaka machozi kwa aibu ya kunyoosha mkono, sijui tunamshindia nani.

Hatua ya 6: mpira

Daktari anatandaza kipande cha mpira mwembamba, kimetobolewa tundu, jino linachungulia peke yake, na kinabanwa na klipu ya chuma. Ulibuniwa mwaka 1864 na daktari wa meno wa New York, Sanford Barnum, kwahiyo sio teknolojia mpya ya kusema bado haijatufikia. Unazuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mizizi inayosafishwa, unazuia dawa kali isimwagike kooni, na unazuia visindano vya kusafishia mizizi visikudondokee ukavimeza. Ningekuwa naambiwa nichague kitu 1 cha kumpimia daktari anayetibu mizizi ningeangalia kama anatumia mpira. Ukisikia kama unakosa hewa pumua kwa pua, mwili unazoea ndani ya dakika chache.

Hatua ya 7: kufungua, kupima urefu, kusafisha

Hii ndo shughuli yenyewe na ndo inayokula muda, inaweza kuchukua saa 1 au zaidi.

Anatoboa juu ya jino kuondoa uozo wote na kufungua dari la kile chumba. Kama kuna usaha wakati mwingine unatoka hapohapo, na mtu anasikia nafuu ambayo hajaisikia wiki nzima. Anatafuta milango ya vijia, kwa gego letu anatafuta 3 na anaendelea kuchunguza kama kuna cha 4, maana kijia kilichosahaulika ni sababu kubwa ya jino kurudi kuuma baada ya mwaka.

Alafu anaingiza faili, ni visindano vyenye meno madogo. Kidogo anachoanzia mara nyingi ncha yake ni milimita 0.10 au 0.15, alafu anapanda saizi taratibu. Urefu anaupima kwa kifaa cha umeme kinacholia kikikaribia ncha ya mzizi, utaona umening'inizwa kijiwaya kwenye mdomo, na anathibitisha kwa picha. Anasimama kama nusu milimita mpaka milimita 1 kabla ya ncha. Akiishia juu sana bakteria wanabaki chini, akipitiliza anachokoza mfupa na utaumwa siku kadhaa.

Faili zinachonga tu, anayeua bakteria ni maji. Maji yenyewe ni sodiamu haipokloraiti, ndugu yake Jik unayofulia, wanatumia nguvu tofauti kati ya asilimia 0.5 na 5 na kidogo. Yanayeyusha nyama iliyokufa na kuingia kwenye vichochoro ambavyo faili haifiki. Yanasukumwa polepole na bomba la sindano, yananyonywa, yanasukumwa tena, mara nyingi kweli, na mimi hapo ndo nafanya kazi mpaka mkono unakufa. Ukiona mtu kasukuma bomba 1 tu alafu anasema kamaliza, hajasafisha. Mwishoni wengi wanapitisha na dawa nyingine ya kuondoa vumbi la kuchonga lililoganda ukutani. Na tafadhali usisikie Jik ukaenda kusukutua nyumbani, ikipenya kwenye nyama inaunguza vibaya, ndo maana hata daktari anaiogopa na anafunga mpira kwanza.

Kuna baadhi ya sehemu bado mtu anawekewa "dawa ya kuua mshipa" anaambiwa arudi wiki ijayo. Uliza ni dawa gani hiyo. Za zamani zilikuwa na aseniki, zikivuja zinaua fizi na mfupa. Siku hizi ganzi ikishika mshipa unatolewa siku hiyohiyo, hakuna haja ya kuutegeshea sumu.

Hatua ya 8: dawa ya ndani na kuziba kwa muda

Kiini kikiwa bado hai na kimetolewa vizuri, madaktari wengi wanamaliza siku hiyohiyo. Kukiwa na usaha au jino limechelewa, anaweza kuweka ndani dawa nyeupe ya kalsiamu, anaziba kwa muda, unarudi baada ya wiki 1 au 2.

HAPA NDO WATU WANAPOPOTEA. Maumivu yameisha, kuna kitu kimezibwa juu, mtu anasema nitarudi mwezi ujao mambo yakikaa sawa. Kile cha kuzibia kwa muda kimetengenezwa kukaa wiki chache, baada ya hapo kinalika, mate yanapenya, bakteria wanarudi kwenye nyumba iliyosafishwa na haina mwenyewe. Kazi yote ya hatua ya 7 inaanza upya kama jino halijapasuka. Kikidondoka kabla ya miadi piga simu siku hiyohiyo, usisubiri tarehe, na mpaka umalize tafunia upande wa pili.

Hatua ya 9: kujaza mizizi

Vijia vikikauka na huumwi, vinajazwa na gataperka, kitu chenye asili ya mpira kinachotoka kwenye utomvu wa miti ya Malaysia na jirani zake, kinapakwa na gundi yake maalum. Utomvu huohuo ndo ulikuwa unafunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari karne ya 19, ikiwemo ile iliyofika Zanzibar 1879, kwa sababu maji hayaupenyi. Baada ya kujaza inapigwa picha nyingine, omba uione: mistari myeupe ishuke mpaka karibu kabisa na ncha, isiishie nusu njia. Omba na nakala, ina maana sana huko mbele ukihama mji.

Siku 2 au 3 za kusikia kidonda ukitafuna ni kawaida, dawa za hatua ya 2 zinatosha. Uvimbe mpya, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, rudi.

Hatua ya 10: kofia

Jino la mbele lililobaki na mwili wa kutosha linaweza kuzibwa tu likaendelea na maisha, japo linaweza kubadilika rangi likawa la kijivu, hilo linasafishika kwa ndani. Gego ni habari nyingine. Limeondolewa dari na uozo, kuta zimebaki nyembamba, na ndo jino linalovunja mfupa wa kuku na ganda la korosho. Bila kofia siku 1 linapasuka, likipasuka mpaka kwenye mzizi hakuna tena daktari.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2004, uliangalia rekodi za bima za meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi, baada ya miaka 8 asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Yale yaliyoishia kung'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia kamili. Nikisoma hiyo namba nawakumbuka wote wanaosema "kofia nitaweka mwakani".

Kofia zipo za chuma, za chuma kilichofunikwa na kauri, na za zirkonia nyeupe. Huko nyuma ya mdomo chuma kinafanya kazi vizuri tu na huwa ni nafuu, kama hujali kung'aa ukicheka. Kama hela haijatimia kabisa, usikae na ukuta mtupu, mwambie daktari akufunikie ncha zote za jino kwa dawa ya kuzibia imara wakati unajipanga, sio sawa na kofia ila inapunguza hatari.

Na zile habari kwamba jino lililotibiwa mzizi linaleta saratani

Zinasambazwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Zimetokana na nadharia ya mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba jino lililokufa linatawanya magonjwa mwilini, meno mengi yakang'olewa bure kwa sababu yake, majaribio ya baadae yakaonyesha kwamba yale ya mwanzo hayakufanywa vizuri. Hakuna ushahidi wa saratani hapo.

Likirudi kuuma

Inatokea. Kijia kimesahaulika, kofia inavuja, faili ilikatikia ndani, au mzizi una ufa. Mara nyingi linafunguliwa na kurudiwa upya, kazi ngumu kuliko ya kwanza na inafaa kwa bingwa wa mizizi. Ikishindikana kupitia juu kuna upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi kupitia kwenye fizi. Hapo ndo ile nakala ya picha inakuokoa, daktari mpya anaona kilichofanyika badala ya kubahatisha.

Hata lisipouma rudi kupiga picha baada ya mwaka 1. Kile kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi kinatakiwa kiwe kimepungua au kimepotea, mfupa unajijenga taratibu na kwa wengine unachukua mpaka miaka 4, kwahiyo kikiwa kimepungua lakini kipo bado usikubali mtu akufungulie jino kwa haraka. Kikiwa kimekua, hata kama husikii chochote, hapo rudi kwenye kiti.